Tuna milioni 60 za kuhamia pwani: ghorofa ya Nyali, villa ya Diani au ekari ya ufuoni?

SWALI

Salamu nyingi, mshauri wetu.

Mimi ni mama wa miaka 57, na mume wangu ana miaka 62. Tumeishi Nairobi karibu maisha yetu yote ya ndoa. Mwaka huu tuliuza ploti ya biashara tuliyokuwa nayo Ruaka, na baada ya kulipa kodi na kumaliza deni la benki tumebaki na shilingi milioni 60. Tulikubaliana tangu zamani kwamba tukistaafu tutahamia pwani. Hilo halina ubishi. Ubishi ni tununue nini.

Tulishuka Mombasa, madalali wakatuzungusha wiki nzima, na sasa tuna vitu vitatu vya kuchagua.

Cha kwanza ni nyumba ya vyumba vitatu katika ghorofa ya nane huko Nyali, jengo limekabili bahari. Bei ni milioni 34. Jengo bado linajengwa. Wanasema litakamilika mwakani, na tukilipa pesa zote sasa watatupunguzia milioni tatu. Kutakuwa na ada ya huduma ya shilingi 45,000 kila mwezi.

Cha pili ni villa ya vyumba vinne huko Diani, yenye bwawa lake la kuogelea, ndani ya ua wa nyumba sita. Iko safu ya pili; unatembea kidogo kwenye kijia ndipo ufike ufuoni. Bei ni milioni 48. Wakala anasema tukiwa safarini tunaweza kuikodisha kwa watalii kwa 35,000 kwa usiku, kwamba siku 300 za mwaka wageni hawakosi, na nyumba itajilipa yenyewe.

Cha tatu ndicho kilichomteka mume wangu. Ni ekari moja, safu ya kwanza, kaskazini mwa Mtwapa, mchanga mweupe. Milioni 55. Anasema nyumba huchakaa lakini ardhi haiozi, na tutajenga polepole. Tulipokwenda kuiona tulikuta nyumba nne za makuti, minazi mirefu, watoto wakicheza, na upande mmoja makaburi. Dalali akasema hao ni maskwota, kila mmoja atapewa laki mbili na wataondoka. Mzee mmoja alituangulia madafu, akaniambia alizaliwa pale pale. Tangu siku hiyo silali vizuri. Mume wangu anasema nina huruma za bure: hati ipo, ameiona kwa macho yake. Dalali anataka laki tano za kuishikilia ploti kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Kuna jambo jingine. Mwanetu wa kwanza yuko London tangu 2004 na alichukua uraia wa Uingereza mwaka 2009. Anashauri mali iandikwe kwa jina la kampuni ambayo yeye na sisi tutakuwa wanahisa, ili tukifa kusiwe na kesi ya urithi kati yake na dada yake aliyeko Nakuru.

Mume wangu ana shinikizo la damu na kisukari. Mimi ndoto yangu ilikuwa ndogo tu, kuamka asubuhi niione bahari. Pesa hizi zinatosha kununua nini hasa? Na nitamwambiaje mzee wangu bila kugombana?

Mama wa wawili, Nairobi

JIBU

Dada yangu,

Nianze na ekari, maana ndiyo yenye Ijumaa.

Msilipe hizo laki tano. Mume wako ameona hati, naamini. Lakini katika pwani ya Kenya hati ni mwanzo wa maswali, na Mahakama ya Juu imelisema hilo wazi. Kulikuwa na ploti ya ufuoni hapo hapo Nyali, ambayo mwaka 1989 iligawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Baadaye iliuzwa, ikaishia mikononi mwa kampuni ya Dina Management, iliyokuwa na hati kamili. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta wake ili kufungua njia ya umma ya kwenda baharini. Kampuni ikashtaki, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Aprili 2023 kampuni ikashindwa. Majaji walisema ardhi ile ilikuwa ya umma na haikugawiwa kwa kufuata sheria tangu mwanzo, kwa hiyo aliyeinunua mwishoni, hata kama alilipa pesa halali, hakuwa na haki ya kulindwa. Kwa hiyo kumtazama muuzaji wa leo hakutoshi. Wakili wenu lazima afuate hati hiyo nyuma, mkono kwa mkono, hadi siku ardhi ilipotolewa mara ya kwanza.

Na hapo kwenu kuna jambo zito kuliko karatasi, nalo ni yule mzee aliyewapa madafu.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani, ule wa maili kumi uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwenye ardhi alitakiwa kuidai kwa maandishi. Wamijikenda wengi hawakudai, ama kwa kutojua ama kwa kuwa ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na jina la mtu mmoja, na ardhi hizo zikahesabiwa kuwa za serikali au zikaandikwa kwa majina ya watu wengine. Ndiyo maana hadi leo, kutoka Kwale hadi Kilifi, unakuta familia zilizozika mababu zao mahali ambapo karatasi inasema si pao. Kuwaita maskwota ni rahisi kwa dalali, ambaye atachukua asilimia yake na kwenda zake. Ninyi ndio mtakaobaki hapo.

Sheria yenyewe inawapa watu hao nguvu ambayo mume wako huenda haijui. Mtu akikaa kwenye ardhi ya mwingine waziwazi, bila idhini na bila kukatizwa, kwa miaka 12, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi akaomba aandikishwe kuwa mwenyewe. Ardhi kuuzwa kwa mtu mpya hakuirudishi hesabu hiyo kwenye sifuri. Mnunuzi huipokea ardhi pamoja na haki hizo, hata kama hazijaandikwa popote katika rejista. Minazi mirefu na makaburi ni ushahidi. Hata kama mahakama ingewapa ninyi haki, kuwahamisha watu kwenye ardhi ya mtu binafsi kunahitaji notisi ya maandishi ya miezi mitatu kwa uchache, na wao wana haki ya kwenda mahakamani ndani ya muda huo. Laki mbili mkononi na ahadi ya mdomo si makubaliano. Huruma yako haikuwa ya bure, dada. Uliona mapema kile ambacho wakili mzuri angekuja kukionyesha kwa ada.

Tuseme basi watu hao wasingekuwepo na hati ingekuwa safi. Bado ningewaambia muiache. Ukilipa milioni 55, unaongeza ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 nje ya miji. Hata kwa kiwango cha chini ni milioni 1.1. Wakili na mpima ardhi hamjawalipa bado. Mmebaki na pungufu ya milioni nne za kujenga, kuchimba kisima, kuvuta umeme na kuweka ukuta. Kujenga polepole mtu akiwa na miaka 62 na kisukari maana yake ni kuzeeka ndani ya vumbi la saruji.

Kisha ufuo wenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Mchanga mweupe ulioupenda haumo katika ekari hiyo. Wavuvi watapita, wauza vinyago watapita, vijana watacheza mpira jioni, na hiyo ni haki yao. Mnacholipia kwenye safu ya kwanza ni ukaribu, pamoja na chumvi, upepo na mawimbi yanayokula ukingo. Naupenda ufuo wa pwani yetu kuliko mahali pengine popote duniani, na nafurahi kwamba hauuziki.

Sasa hesabu yenu. Msiseme tuna milioni 60 za nyumba. Mna milioni 60 za uzee. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu na sukari, mimi ningetenga milioni 15 zisizoguswa, ziwekwe mahali penye faida na zinapopatikana haraka siku ya hospitali. Tengeni milioni tatu nyingine kwa samani, umeme wa jua, matangi ya maji na vitu vidogo ambavyo nyumba ya pwani hudai mwaka wa kwanza. Zinabaki milioni 42, na humo humo itoke stempu na wakili. Dari yenu halisi ya bei ya nyumba ni kama milioni 40.

Kwa hesabu hiyo villa ya Diani imewapita. Stempu yake peke yake ni 1,920,000. Lakini najua wakala atasema italeta pesa, kwa hiyo tuyapime maneno yake. 35,000 kwa usiku mara siku 300 ni milioni 10.5 kwa mwaka. Ni hesabu nzuri ya kwenye karatasi. Diani ina msimu: Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, bahari imetulia na wageni wamejaa, Julai na Agosti wanarudi, Aprili hadi Juni ni mvua ya masika na upepo wa kusi, mwani unatupwa ufuoni, na nyumba nyingi hulala tupu. Nyumba mpya, isiyo na jina, iliyo safu ya pili, mimi ningeihesabia usiku 130 kwa mwaka, kwa wastani wa 30,000. Hiyo ni milioni 3.9. Meneja na tovuti za kukodishia wakichukua robo, inabaki 2,925,000. Mlinzi, mtunza bustani na bwawa, na wa usafi, tuseme 70,000 kwa mwezi: inabaki 2,085,000. Umeme wa viyoyozi na pampu, pamoja na maji, 60,000 kwa mwezi: 1,365,000. Ukarabati na mashuka, nusu milioni: 865,000, na hapo hujalipa kodi ya mapato, leseni ya utalii wala ada ya ule ua. Kwa nyumba ya milioni 48 hiyo haifiki asilimia mbili. Hatifungani za serikali hulipa zaidi ya hapo mkiwa mmekaa kitini. Na nyakati ambazo wageni wanaitaka nyumba ni zile zile mtakazoitaka ninyi na wajukuu wenu.

Villa ni nzuri, sina shaka. Kwa watu wa miaka 40 wenye mshahara unaoingia, ningeyapima maneno mengine. Kwenu ninyi nafikiria pia saa nane za usiku mzee sukari imeshuka. Barabara ya Dongo Kundu imewapunguzia watu wa kusini adha ya kungoja feri ya Likoni, lakini hospitali kubwa za rufaa bado ziko upande wa Mombasa.

Hivyo naelekea Nyali, ila si kwa namna mliyoelezwa. Msilipe milioni 31 kwa nyumba ambayo bado ni nguzo na nondo. Punguzo la milioni tatu ndiyo bei ya hatari mnayobebeshwa: mradi ukikwama mtakuwa mnadai pamoja na benki na wakandarasi, na madai ya benki hutangulia. Tafuteni nyumba iliyokwisha, yenye watu ndani, yenye cheti cha kaunti cha kuruhusu makazi. Nyali zipo, na kwa milioni 34 mna nguvu ya kuchagua na ya kubishana bei. Tangu Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 kila nyumba ndani ya jengo inaweza kuwa na hati yake, yenye mipaka na sehemu yake ya maeneo ya pamoja. Dai hati hiyo. Ukiambiwa itatoka baadaye, pesa ya mwisho nayo itoke baadaye, na hilo liandikwe kwenye mkataba.

Ada ya 45,000 kwa mwezi ni 540,000 kwa mwaka, na katika miaka kumi ni milioni 5.4 hata isipopanda. Si dhambi, jengo la baharini linahitaji matunzo ya kweli. Chumvi hula vishikio vya madirisha, hula kompresa za viyoyozi, huingia kwenye zege lililojengwa vibaya ikavimbisha nondo hadi ukuta upasuke. Ombeni hesabu za chama cha wenye nyumba za miaka mitatu. Ulizeni wangapi hawalipi, na kama kuna akiba ya kubadilisha lifti. Ghorofa ya nane bila lifti, kwa mzee wako, ni kifungo. Kama mnaweza kupata ghorofa ya tatu au ya nne, bahari bado utaiona na ngazi zitapandika siku ya taabu. Ulizeni maji yanatoka wapi. Mombasa hunywa maji ya Mzima na Baricho, yanayotoka mbali, na mgao ni jambo la kawaida. Kisima cha karibu na ufuo mara nyingi hutoa maji ya chumvi, kwa hiyo jengo lisilo na mtambo wa kuyasafisha litaishi kwa malori ya maji. Fungueni mifereji na muonje. Nendeni jioni, si asubuhi tu, msikie kelele za vilabu vya jirani. Na angalieni ploti iliyo mbele ya jengo: kama iko wazi, kuna siku itajengwa, na bahari yako itabaki kuwa picha kwenye tangazo.

Kuhusu mwanenu. Alichukua uraia wa Uingereza mwaka 2009. Katiba ya zamani haikuruhusu uraia pacha, hivyo kwa sheria alipoteza ule wa Kenya siku hiyo. Katiba ya Agosti 2010 inampa haki ya kuurudisha kwa kuomba, na kama hajaomba, leo anahesabiwa mgeni kwenye mambo ya ardhi. Kifungu cha 65 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodishwa, tena isiyozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa ya raia pale tu inapomilikiwa kikamilifu na raia. Hisa moja ya mwanenu itaigeuza kampuni nzima kuwa ya mgeni. Aurudishe kwanza uraia wake. Ni jambo jema hata bila nyumba.

Na hata akiurudisha, nyumba isiandikwe kampuni. Iandikwe majina yenu wawili, wewe na mumeo, kwa umiliki wa pamoja ule ambao mmoja akitangulia mwenzake anabaki na yote bila kesi. Kisha kila mmoja aandike wosia, na watoto wote wawili waambiwe kilichoandikwa mngali hai, wakiwa wamekaa chumba kimoja au kwenye simu moja. Binti wa Nakuru asisikie habari za kampuni kutoka kwa mawakili.

Umeuliza utamwambiaje mzee. Usimwambie kwamba amekosea. Anachokitaka ni ardhi ambayo ataikanyaga na kusema ni yake, na mtu aliyeuza ploti ya jasho lake ana haki ya kutamani hivyo. Mwombe jambo moja: mrudi wote wawili kule kaskazini mwa Mtwapa bila dalali. Mpitieni naibu wa chifu kwanza, mjitambulishe, mumuulize habari za ardhi ile. Kisha mketi na yule mzee wa madafu, mumeo amuulize mwenyewe alizaliwa mwaka gani, makaburi yale ni ya nani, nani alipanda minazi. Wanaume wa rika moja wataelewana, na atakayosikia kwa masikio yake yatakuwa na uzito ambao maneno yako hayawezi kuwa nao. Wakati huo wakili mliyemchagua ninyi, asiye wa muuzaji wala wa dalali, afanye sachi, yaani uchunguzi wa hati kwenye rejista ya ardhi, na ploti ikiwa bado ni ya kilimo awaeleze habari za idhini ya bodi ya ardhi, ambayo bila hiyo mkataba hauna nguvu. Jibu la sachi mume wako alisome mwenyewe.

Na kabla ya kununua chochote, kodisheni. Muulize mwenye villa ya Diani kama atawapa kwa miezi sita kwa kodi ya mwezi; msimu wa chini wengi hukubali kwa furaha. Kisha miezi sita Nyali, kwenye jengo lililokwisha mtakalokuwa mnalifikiria. Muanze mwezi wa Mei, mvua ikinyesha na kusi ikivuma, mjue dirisha lipi linavuja, daktari yuko dakika ngapi, duka la dawa hufungwa saa ngapi, na kama mzee wako anapenda kutembea ufuoni asubuhi au anapendelea kubaki barazani na gazeti lake. Milioni zenu mziweke kwenye hati za hazina za siku 91, yaani mkopo mfupi kwa serikali, huku mkiangalia. Bei ya Nyali haitawakimbia ndani ya mwaka mmoja, na faida ya hazina itawalipia sehemu kubwa ya kodi hiyo.